Mwonjaji Aliyepika Manukato

Kitu cha kwanza alichoniuliza yule mzee, siku niliyohamia nyumba iliyopakana na yake, ni kama nimekula kitunguu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwao na sufuria mkononi, nikiomba maji kwa sababu mfereji wa kwangu ulikuwa haujafunguliwa. Nikamjibu kwamba ndiyo, nimekila mchana kwenye mboga. Akarudi nyuma hatua mbili, akamwita mkewe aje anihudumie, kisha akapita mlango wa jikoni akaenda kusimama nje. Nikajua nimeshakosana na jirani kabla hata sijafungua mizigo. Mkewe alipotoka alikuwa anacheka.

"Usijali, mama," akaniambia. "Hiyo pua si yake, ni ya kampuni. Sisi tunakaa nayo tu."

Kazi ya yule mzee ilikuwa kuonja chai. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina. Mameneja walikuja na kwenda, nao wote walimwita Mwonjaji, na sisi wa chumba cha kupakia tulimwita hivyo hivyo tukiwa peke yetu. Mbele yake tulisema Mzee. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika vilima vya chai upande wa Sotik, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeajiriwa kujaza chai kwenye magunia ya karatasi.

Kila asubuhi tulimsikia kabla ya kumwona. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu kando ya dirisha, na juu yake vikombe vyeupe vimepangwa safu moja, kila kimoja na chai ya saa tofauti ya usiku uliopita. Alichota kijiko, akaivuta chai kwa nguvu mpaka ikalia kama karatasi inayochanwa, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo. Kisha kikombe kilichofuata. Hakusema kitu mpaka amalize safu nzima. Akimaliza, alikwenda kwa msimamizi wa zamu na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ya saa nane mliichelewesha kwenye moto." Sikumbuki hata siku moja ambayo msimamizi alibisha.

Kwa sababu ya kazi hiyo aliishi kama mgonjwa. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa hakugusa kitunguu wala pilipili. Alioga kwa sabuni ya mche ile ya kufulia, na nguo zake zilianikwa upande wa juu wa nyumba ambako moshi wa jikoni haukufika. Nyumbani hakunywa chai hata tone. Ukimtembelea, mkewe alikumiminia kikombe, naye akakaa na wewe akinywa maji ya moto matupu, akipuliza kama kwamba ni kitu kitamu. Halafu Jumamosi ikifika, akishamaliza zamu yake, alikula kitunguu kibichi. Alikikata vipande vinne, akachovya kwenye chumvi, akala na ugali na nyama huku machozi yakimtoka, mwenye furaha kabisa. Siku hiyo hata kuchekesha alichekesha.

Na siku hiyo ndiyo aliyopika manukato.

Sijui alijifunza wapi. Nilipomuuliza alisema alijifundisha, na mkewe nyuma yake akatikisa kichwa kuonyesha kwamba kuna habari ndefu ambayo sitaambiwa. Vifaa vyake vilikuwa sufuria kubwa ya maji na sufuria ndogo iliyoelea ndani yake. Katika ile ndogo alitia mafuta ya alizeti, na ndani ya mafuta akatia alichokusanya wiki nzima: mchaichai kutoka ukingo wa mtaro, rosemari ya kwenye ua wa kanisa, majani ya jeranium, maganda ya machungwa aliyoyakausha juu ya bati, karafuu chache za dukani, na vipande vyembamba vya tarakwet, ule mti mwekundu wa vigingi vya ua ambao ukiupasua chumba kizima kinapata harufu. Alipasha taratibu, mafuta yasichemke. Akikuta umeongeza kuni bila kumuuliza, alikuwa mkali kweli.

"Unataka kukaanga? Hapa hatukaangi mandazi."

Baada ya hapo alichuja kwa kitambaa na kuacha mafuta yatulie kabatini kwa majuma kadhaa, kisha akayajaza kwenye vichupa vya dawa ya sindano ambavyo daktari wa zahanati alimwekea. Vifuniko vya mpira alivitupa kwa sababu vilinuka. Kila kichupa alikichongea kizibo cha gunzi la mahindi.

Yeye mwenyewe hakuyapa majina. Mkewe ndiye aliyeyapa. Kulikuwa na Ya Jumapili, Ya Mvua, na Ya Kupokea Wageni. Cha kwanza nilichopewa kilikuwa Ya Mvua, na nilikosea jinsi ya kukitumia. Nilikuwa nimezoea yale manukato ya kopo yanayouzwa sokoni, unajipuliza shingo nzima na watu wanageuka. Nikajimiminia viganjani nikajipaka kama mafuta ya kawaida. Tukakutana njiani kwenda kanisani. Akasimama.

"Chebet, wewe unaenda kuabudu ama unaenda kupigana?"

Alinionyesha. Tone moja kwenye kifundo cha mkono, usisugue. Tone nusu nyuma ya sikio. Linalobaki kidoleni, pitisha kwenye ukingo wa kitambaa cha kichwa. "Usijipake ndiyo watu wanuse. Jipake ndiyo mtu akikukaribia apate kitu. Asipokukaribia, hayamhusu."

Nikajipaka hivyo Jumapili iliyofuata, na nikaelewa kwa nini alikuwa akikasirika. Ya Mvua ilianza kwa ukali wa mchaichai, ukali safi, kama kuvunja jani kwa kucha. Tulipomaliza wimbo wa pili ukali ule ulikuwa umekwisha, na chini yake kukatokea harufu nyingine ya udongo na majani yaliyolala chini, ile ya kutoka nje baada ya mvua ya mawe kupiga chai. Mchana, nikiwa napika, sikuisikia tena. Nikadhani imeisha. Jioni nikainua mkono kufungua kitambaa cha kichwa, na pale kwenye kifundo kulikuwa na tarakwet peke yake, kavu, tulivu. Nilikaa kitandani nikinusa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyeniona, lakini niliona haya.

Ya Jumapili ilikuwa jeranium na maganda ya machungwa, na juu yangu haikukaa. Saa moja tu ikageuka kuwa kama siki. Juu ya mkewe ilikaa kutwa, ikawa laini kama maziwa. Nilipolalamika, Mwonjaji alinishika mkono, akaunusa bila mafuta yoyote, akasema ngozi yangu ina chumvi nyingi na nisione vibaya, ni ngozi nzuri, ila haitaki maua. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia neno la ngozi yangu likawa halina lolote la tamaa ndani yake. Yeye alilisema kama alivyosema habari za chai ya saa nane.

Alikuwa na mambo yake yasiyoendana. Mtu aliyeweza kukaa kutwa akibembeleza mafuta yasichemke hakuwa na subira na watu hata kidogo. Wageni wakikaa sana alisimama na kuanza kufungua madirisha. Aliwadharau wanaume waliojipaka manukato ya dukani, lakini akiwa likizoni alijipaka yake mwenyewe nyuma ya masikio yote mawili na kutembea mpaka soko la Chepilat bila haja ya kununua kitu. Mkewe alisema anakwenda kujitangaza. Alikuwa mgumu wa kusamehe, na hilo nililijua baadaye kwa gharama yangu. Na hakuwahi kuuza hata kichupa kimoja. Ukimwomba, alikunyima. Usipomwomba, siku moja ulikuta kichupa dirishani.

Nyumba yao ilikuwa habari nyingine. Ukiingia asubuhi ulikutana na harufu ya kibuyu: yale makaa ya mti wa senetwet ambayo akina mama wa kwetu husugulia ndani ya vibuyu kabla ya kumimina maziwa. Hiyo aliipenda kuliko zote, na alisema hakuna fundi wa manukato anayeweza kuishinda. Mchana mkewe aliweka maganda ya machungwa na mabaki ya rosemari kwenye sufuria ya maji pembeni mwa jiko, na mvuke ukajaza sebule polepole. Nilianza kufanya hivyo kwangu. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja na jiko la makaa, kuta zilizopigwa chokaa, na hapo awali ilinukia mafuta ya taa tu. Nilipotoka kazini na kufungua mlango nikakuta ile harufu ikinisubiri, nilihisi kana kwamba kuna mtu nyumbani. Kwa msichana aliyekuwa akiishi peke yake kwa mara ya kwanza, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Na palipotokea msiba, Mwonjaji alikwenda na kopo. Mama mmoja mchuma chai alipofiwa na mumewe aliyeugua muda mrefu ndani ya chumba kile kile walimokuwa wakilala watoto, watu walikuja wakakaa nje, na hakuna aliyethubutu kusema kwa nini hawaingii. Mwonjaji alifika na kaa la moto ndani ya kopo, akaweka juu yake vijiti vya emitiot, mzeituni wa porini, akaingia peke yake. Alipita kila pembe. Akafungua dirisha, akakunja blanketi la marehemu akalitoa mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha akasimama mlangoni akasema, "Ingieni sasa, mama asikae peke yake." Tukaingia. Ilikuwa ni moshi mtamu tu, lakini yule mama akavuta pumzi na kuanza kulia, na mpaka wakati huo alikuwa hajalia.

Sasa nisimulie kosa langu.

Amri yake kwa mtu yeyote wa kiwandani aliyepata kichupa ilikuwa moja: kisivuke geti. Chai hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo. Aliniambia hayo zaidi ya mara tatu. Lakini rafiki yangu Joyce, tuliyekuwa naye chumba cha kupakia, alikuwa anatarajia wakwe Jumamosi, na nilikuwa nimemwahidi tone la Ya Mvua. Nikatia kichupa mfukoni mwa aproni. Nikajiambia nitampa wakati wa chakula, nje.

Nilipoinama kuchukua magunia matupu, kichupa kikadondoka kikapasuka juu ya rundo. Nilikuwa peke yangu chumbani. Mafuta yakanyonywa na karatasi kama maji kwenye mchanga. Nikafuta kwa aproni, nikafungua dirisha, nikayachomoa magunia manne yaliyolowa zaidi nikayaficha kwenye takataka. Yaliyobaki nikayanusa, na sikusikia kitu. Bila shaka sikusikia. Mikono yangu yote ilikuwa imejaa harufu ile. Nikaendelea na kazi. Sikumwambia hata Joyce.

Siku ya tatu meneja alituita sote wa chumba cha kupakia, tukasimama ukutani. Mwonjaji alikuwa ameshika kikombe cheupe. Sampuli zilizotolewa kwenye magunia yaliyokwisha kufungwa zilikuwa zimeharibika.

"Ni nini?" meneja akamuuliza.

"Mchaichai," akasema. "Rosemari. Tarakwet. Na karafuu mbili."

Meneja akacheka kidogo. "Unajuaje ni mbili?"

"Kwa sababu nilizitia mimi."

Kicheko kikaisha. Meneja akatuangalia mmoja mmoja. "Nani aliyaleta humu?"

Nilikuwa nimefumbata vidole ndani ya mfuko wa aproni, pale pale kilipokuwa kichupa. Nilijua Mwonjaji alikuwa amegawa vichupa viwili tu vya pishi lile, kimoja kwa mkewe na kingine kwangu. Alijua. Hakunitazama.

"Mafuta ni yangu," akasema. "Yametoka nyumbani kwangu. Mimi ndiye natakiwa kujua, na mimi ndiye natakiwa kulinda. Andika hivyo."

Meneja akaandika. Nami nikaangalia viatu vyangu.

Nilikwenda ofisini kesho yake asubuhi. Sikulala, nisifiwe kwa hilo au nisisifiwe. Nikamweleza meneja yote, mpaka yale magunia manne. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema barua imeshatumwa makao makuu na mzee ameshaweka sahihi, na hataki kuandika nyingine ya kueleza kwamba ya kwanza ilikuwa na makosa. "Rudi kazini, msichana. Na usirudie." Hiyo ndiyo adhabu niliyopata. Mwonjaji aliondolewa chumba cha vikombe na kupelekwa kituo cha kununulia majani, apime vikapu vya wakulima kwenye mizani.

Jioni nilikwenda kwao. Alikuwa ameketi barazani akimenya gome la mti kwa kisu. Nikamwambia nimekwenda kwa meneja, nimesema ni mimi.

"Umesema lini?"

"Leo, Mzee."

Akaweka kisu chini. "Jana nilisimama pale pale na wewe."

Akaingia ndani akafunga mlango. Si kwa kishindo; aliufunga kama mtu anayefunga mlango wake siku yoyote.

Kwa miezi saba hakunisemesha. Tukikutana njiani nilimwamkia, "Chamgei, Mzee," naye akaitikia "Mising" kwa sababu salamu haikataliwi, akapita. Mkewe aliendelea kuniletea maziwa ya kibuyu akipitishia nyuma ya nyumba, na hakusema lolote juu yake ila mara moja. "Haumwi na ile kazi," aliniambia. "Kituoni anafurahi, anakula kitunguu siku yoyote. Anaumwa na vile ulinyamaza." Nilikuwa nimeacha kuchemsha maganda nyumbani kwangu. Sikuona kama nina haki nayo. Chumba kikarudia harufu ya mafuta ya taa.

Jumamosi moja, sijui nilipata wapi ujasiri, nilivuka ua nikaingia jikoni kwao bila kubisha. Alikuwa mbele ya sufuria zake. Kwenye ungo kulikuwa na matawi ya rosemari hayajapukuchuliwa. Nikavuta kigoda nikaanza kupukuchua. Hakugeuka. Nikamaliza matawi mawili, kuni zikitoa sauti, mimi nikiogopa hata kukohoa.

"Unatia na vijiti," akasema mwishowe, bado amenipa mgongo. "Toa majani tu."

Nikatoa majani tu. Jambo lile hatukulitaja tena maishani mwetu.

Alistaafu baada ya mwaka mmoja hivi, akahamia shambani kwao karibu na Chepilat. Mimi niliolewa na mfanyabiashara wa mahindi wa Mulot, nikaacha kiwanda. Kule Mulot upepo unatoka tambarare za Narok, mkavu, na harufu zake ni za ng'ombe na ngano. Nikajifunza kukaa nazo.

Mara ya mwisho nilipomwona, binti yangu wa kwanza alikuwa na miezi minne. Mume wangu alikuwa na mzigo wa kupeleka upande ule, akanishusha na mtoto kwenye kijia chao asubuhi, akasema atanipitia akirudi. Mkewe alinipokea kwa vigelegele akiwa peke yake, sauti ya mtu mmoja katika ua mzima. Mwonjaji mwenyewe alikuwa amezeeka upande mmoja zaidi ya mwingine, anatembea kwa fimbo. Tulikula, tukaulizana habari za watu. Hawakujaliwa mtoto, wale wawili, na katika miaka yote ile sikuwahi kusikia mmoja wao akilitaja. Mkewe alimbeba binti yangu tangu nilipofika. Yeye alimtazama tu kutoka kitini kwake.

"Mzee, hutaki kumshika?" nikamuuliza.

"Mikono yangu ina vitu vingi."

Lakini baadaye kidogo aliinuka, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua. Akanawa bila sabuni, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kwenye viwiko. Hakujifuta kwa kitambaa. Alisimama juani, mikono ameinyoosha mbele, akisubiri ikauke, nasi tukasubiri pamoja naye. Kisha akaja akakaa, akaniuliza, "Umempaka nini?"

"Si kitu, Mzee. Maji tu."

"Vizuri. Msimpake kitu. Kwanza ajinukie mwenyewe."

Akampokea. Mtoto akamkazia macho bila kulia. Akainama, akaweka pua yake juu ya utosi, pale nywele zilipokuwa nyembamba na ngozi ikipigapiga, akavuta pumzi taratibu, kimya kabisa. Akafumba macho. Nilimngoja aseme kitu, maana alikuwa mtu wa kutaja kila kilichomo. Hakutaja chochote.

Pikapu ikafika getini. Mume wangu akapiga honi, kisha akatokeza kichwa dirishani na kuita kwamba wingu limefunga upande wa Mulot na barabara itaharibika. Nikasimama, nikajifunga kanga, nikanyoosha mikono.

"Chukua mtoto wako," Mwonjaji akasema.

Mikono yake haikusogea. Alikuwa bado ameinama, macho amefumba. Mkewe akanitazama, nami nikamtazama. Nikamgeukia mume wangu kule getini, nikainua kiganja changu, asipige tena honi.

Akazima injini.